Upinde Niliouachia Mtupu

Woolwich, London
Jumapili asubuhi

Dada yangu Salma,

Kabla hujasoma mbele, nakuomba ukae peke yako na mlango uufunge. Yaliyomo humu usimwambie mtu, hata shemeji, na zaidi ya wote usimwambie mama. Ukimaliza ichane. Najua wewe ni mwalimu na karatasi huzitupi, lakini hii ichane.

Assalaamu alaykum. Natumai presha ya mama imetulia na anameza dawa zake kwa wakati, si mpaka kichwa kimuume. Na mguu wa mtoto wako umepona? Mimi mwili mzima, ila tangu Jumanne usingizi umenipotea na chakula hakipiti. Bi Zuwena, mama wa Wete aliyenipangisha chumba, juzi aliitazama sahani yangu akasema, "We Nassor, muhogo huu nimeutilia nazi mbili. Kama unaumwa sema, kama ni mwanamke sema." Nikamwambia kazi zimezidi. "Kazi ya kalamu haimkoseshi mtu kula," akasema, akaiondoa sahani.

Nilikwambia nafanya kazi ofisini, na ni kweli, ila sikukueleza ofisi gani kwa kuhofia mtanicheka. Ni kituo kidogo huku mashariki ya London ambako watoto wa skuli huletwa kujifunza jinsi askari wa Ulaya ya zamani, mamia ya miaka iliyopita, walivyofunzwa silaha. Mimi ni karani. Napanga ziara za skuli, naandika vibao vya maelezo, na kila Ijumaa natia saini fomu ya kwamba kila kifaa kimekaguliwa na ni kizima.

Kazi hii nimeipenda, dada. Zamani hizo mtoto wa bwana mkubwa alipelekwa nyumba ya bwana mwengine akiwa na miaka saba, akatumwatumwa mpaka akainukia. Alipofika kumi na nne hivi alikabidhiwa farasi na deraya za bwana wake, yale mavazi ya chuma ya vita, azitunze, na kila siku alipiga nguzo iliyochimbiwa ardhini kwa upanga wa mti uliofanywa mzito kusudi, ili akija kuupata wa chuma auone mwepesi. Mkulima hakuwa na nguzo wala farasi. Aliitwa vitani na mkuki, au na kile chombo chake cha kukatia matawi kilichotiwa mpini mrefu, na alichofunzwa zaidi ni kusimama bega kwa bega na mwenzake asikimbie. Baina yao walikuwepo wapiga mishale. Nao walikuwa watu wa chini, lakini sheria iliwataka wafanye mazoezi kila Jumapili, na mtoto aliongezewa ugumu wa upinde kadiri alivyokua, hata mifupa ya mabega ikaota vyengine. Vibao vyote hivyo niliviandika mimi.

Anayewaonyesha watoto upinde ni Mzee Colin, mtu wa miaka sitini na nane, zamani dereva wa basi. Ana sukari na vidole vyake vimekufa ganzi. Upinde wa mti hupapaswa wote kwa kidole kabla ya kuvutwa, kutafuta ufa. Yeye hawezi tena, nampapasia mimi, na hilo tunalijua mimi na yeye tu. "Ukishatia saini wewe, karani," huniambia, "mimi navuta."

Jumanne mchana alikwenda kunywa chai akauacha upinde stoo, upote wake, ule uzi wa kuvutia, umefungwa tayari. Nilikuwa nimetoka kuandika kibao cha wapiga mishale, nikataka kujua uzito huo mwilini mwangu. Niliuvuta mpaka kifuani. Ukanishinda, nikaogopa, nikauachia. Hapakuwa na mshale. Na hilo ndilo la kwanza wanaloonywa watoto, na onyo lenyewe nimeliandika mimi ukutani: upinde usiachiwe mtupu, maana nguvu ambayo ingekwenda na mshale hurudi kwenye mti. Nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Nilipopapasa karibu na pahala pa kushikia nikakuta ufa mwembamba kama unywele.

Niliurudisha mahali pake.

Ungeniuliza kwa nini sikusema siku ile. Asubuhi hiyo hiyo Bi Harriet, meneja wetu, alikuwa ameniambia ataniandikia barua ya kuombea ruhusa yangu ya kubaki nchini, maana niliyonayo inakwisha karibu. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho ikawa Ijumaa, fomu ikaja mezani, na nilipofika mstari wa upinde nikaandika "mzima" nikatia saini. Hati ilitoka nzuri kama ya siku zote. Hilo ndilo linalonitisha.

Jana Jumamosi tulikuwa na watoto sitini. Nilimkuta Mzee Colin anavaa fulana yake ya ngozi.

"Usiuvute ule upinde," nikamwambia.

"Kwa nini, upinde una mafua?"

"Una ufa. Niliuachia mtupu Jumanne."

Alinitazama. "Jana umetia saini."

"Nimetia."

Akautwaa, akaupitishia kidole gumba chake. "Nionyeshe." Nikamshika kidole nikakiweka juu ya ufa. Akakisogeza mbele na nyuma. "Sisikii kitu," akasema, na sauti yake sijapata kuisikia vile. Halafu akauegemeza ncha sakafuni na kuukandamiza kwa goti. Ukapasuka vipande viwili, na kipande cha juu kikaruka kikapiga kabati usawa wa uso wake.

Watoto walikuwa wakipiga kelele nje. Alitoka akawafundisha mkuki, akawapanga safu, akawatania kama kawaida yake: "Wewe mwenye miwani, bega lako liko wapi? Mwenzio atakufa kwa ajili yako." Wakacheka. Mimi nilibaki ndani nakusanya vipande.

Nilipompelekea vipande na kumweleza, Bi Harriet hakupandisha sauti. Alisema niandike maelezo ya yaliyotokea. Nikamuuliza niyaandike kwa mfano gani. "Wewe ndiye karani," akajibu. Nikaandika kurasa mbili, sikuacha kitu. Nimekabidhi ufunguo na simu ya kazi, nisirudi mpaka Alhamisi saa nne, nitakapoitwa mbele yake na wakubwa wake. Wakinitoa, barua haipo, na bila barua sijui nitabaki vipi.

Jioni Mzee Colin alinikuta kituo cha basi. Basi moja likapita, hakulipanda. Kisha akasema, "Mti huvunjika. Nimeshavunja mitatu mimi. Ile saini ndiyo sikuitarajia." Basi lake lilipokuja akainuka. "Jumatano njoo kwangu Stratford. Nachonga mwengine, nataka mtu mwenye vidole."

Sijui kama ni msamaha. Lakini nitakwenda.

Nisalimie shemeji Hamad, na ami Khamis aliyeuza baiskeli yake ili nipate nauli. Msalimie na bibi Asha aliyenisomesha Kurani, mwambie sijaacha kusali. Mama mbusu mikono.

Sasa sikiliza utakavyonipata. Ile namba ya zamani usiipige, ni ya simu ya kazi na sinayo tena. Piga ya Bi Zuwena, unayo tangu siku ya Idi. Asubuhi usipige, yuko kazini kuwatunza wazee na simu huiweka kabatini. Jumatano nitakuwa Stratford mchana kutwa, usihangaike. Alhamisi kikao kitakwisha saa sita za huku, huko itakuwa saa nane, nawe utakuwa umetoka darasani. Bi Zuwena hiyo ndiyo siku yake ya mapumziko, na simu ataniachia. Nitakapopokea usiniulize kitu mwanzo, nipe nafasi nikwambie mwenyewe. Na ikiita sana, dada, usikate.

Mdogo wako,
Nassor