Somoe, Bustani Yako Haikuwa Uchawi

Mwanangu Somoe,

Ni mimi, baba yake Issa, yule mzee wa cherehani wa Nachingwea. Nakuita mwanangu ingawa sijui kama bado nina haki hiyo. Barua hii nimeiacha wazi makusudi. Ulidhalilishwa mchana, barabarani, majirani wakiangalia. Nikija kukuomba radhi kwa kunong'ona nyuma ya mlango, nitakuwa nimekudhalilisha mara ya pili. Kwa hiyo kila atakayeiona na aisome.

Kwetu mtu na mkwewe hawazoeani. Hatukuwahi kukaa mkeka mmoja mimi na wewe, na maneno yetu mengi yalikuwa salamu. Kwa hiyo pengine hujui jinsi nilivyokuwa naiona kazi yako. Cherehani yangu ipo barazani, unajua, na ukikaa pale macho yanatazama uwanja wa ubavuni. Kabla hujaolewa kwetu, uwanja ule ulikuwa jaa. Makopo, magunzi, ndala zilizokatika. Hata kuku walikuwa hawapendi kwenda huko.

Ulianza kwa kuondoa taka kidogo kidogo, kila asubuhi baada ya kuosha vyombo. Kisha nikakuona unabeba samadi ya mbuzi kwa beseni, na majani makavu ya mkorosho, unayatandaza juu ya udongo. Ulipokwenda kwenu Nandagala kusalimia, ulirudi na miche imefungwa ndani ya maganda ya mgomba. Nikafikiri ni mboga. Kumbe ni maua. Ukapanda asumini, ukapanda ile migomba midogo isiyozaa ndizi, yenye maua yanayoning'inia kama midomo ya kasuku. Ukapanda masikio ya tembo pale maji ya kuogea yanapotokea. Na chini ya kivuli cha mpapai ukapanda yale majani yenye madoa mekundu, yale yaliyokuja kutuletea balaa.

Unakumbuka viroba? Asubuhi moja nilikuta viroba vitupu vya unga vimekunjwa vizuri juu ya cherehani yangu. Nikavitazama, nikautazama uwanja, nikaelewa. Nikavikata nusu, nikavipinda ukingo, nikavishonea na vishikio. Jioni vikawa havipo. Kesho yake nikaviona vimejaa udongo, miche imesimama ndani. Toka hapo ikawa desturi yetu. Ukipata viroba unaniwekea, nami nashona kabla ya nguo za wateja. Mama Issa alikuwa akiuliza, "Suruali ya watu imekwisha?" Nami najibu, "Inakuja." Wakati huo nashona mfuko wa ua.

Siku nyingine ulisimama mbali kidogo, unatazama chini, ukasema, "Baba, vile vipande vya kitambaa unavyotupa, naviomba."

"Vya nini?"

"Vya kufungia okidi kwenye gome, baba. Kamba inaikata."

Nilikuwa sijui hata okidi ni nini, kumbe ni ua linaloota juu ya gome la mti bila udongo. Nikaanza kukuchagulia vipande laini, vya khanga kuukuu, nikavitenga pembeni. Hata leo nikikata kitambaa laini mkono unakwenda kukitenga, kisha nakumbuka.

Kiangazi cha kwanza yale majani mekundu yalipokauka yote, nilihuzunika kama aliyefiwa. Nikavunja desturi nikakuuliza, "Mbona yamekufa?" Ukacheka ukiwa umejifunika mdomo kwa mtandio. "Hayajafa baba, yamelala. Viazi vyake viko chini. Ukiyamwagia maji sasa hivi yataoza." Nikawa mtu mzima ninayesubiri mvua kwa ajili ya ua.

Sasa niseme yaliyofuata, maana watu wa Nachingwea wanayasimulia kwa namna yao.

Miaka ilikwenda na hamkupata mtoto. Mungu ndiye anayetoa, lakini nyumbani kwangu maneno yalianza kuzunguka. Binti yangu Hadija, wifi yako, alikuwa akija kututembelea anasimama mbele ya yale majani anasonya. "Mwanamke mwenye akili gani anapanda majani yanayovuja damu?" Mama yake akanyamaza siku za mwanzo. Baadaye akaacha kupita upande ule. Wakaenda kwa mganga, na huyo akawaambia kuna kitu kimepandwa uwanjani kinachofunga kizazi. Mimi niliyasikia. Nikasema ni upuuzi, nikaendelea kukanyaga cherehani. Nilidhani upuuzi hufa wenyewe ukiachwa.

Ukaitwa Nandagala kumuuguza mama yako. Wiki hiyohiyo nikaenda sokoni kununua nyuzi na zipu, na huko akanifuata kijana wa bodaboda. "Mzee, kwako kumejaa watu."

Nilifika nikakuta kila kitu kimerundikwa barabarani. Mama Issa na Hadija walikuwa na majembe, wamejifunga khanga kiunoni. Issa, mwanangu wa kumzaa, mumeo, alikuwa anamwaga mafuta ya taa. Maua mabichi hayawaki, Somoe. Yalitoa moshi mzito, na harufu ya asumini iliyoungua ilienea mtaa mzima. Watoto walikuwa wanashangilia. Nikauliza, "Nani ameamua jambo hili?" Mama Issa akajibu, "Mwanao." Nikamtazama Issa, hakunitazama. Nami nikaingia ndani nikakaa kitandani na nyuzi zangu mkononi.

Wewe ulirudi siku chache baadaye. Nilikuwa barazani. Ulishuka kwenye bodaboda umekumbatia mche ndani ya kiroba nilichokushonea. Majirani wakatoka, mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kwenye mkutano. Uliutazama uwanja, ukalitazama lile doa jeusi barabarani. Hukulia. Issa akatoka, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Uchawi wako tumeuchoma. Sikutaki, rudi kwenu."

Ukaja mpaka mbele yangu. Ukapiga goti palepale kwenye mchanga, kama ulivyozoea, ukasema, "Shikamoo baba."

Nikasema, "Marahaba."

Basi. Mtaa mzima ulikuwa unasubiri mkubwa wa nyumba aseme, na hilo ndilo nililosema. Ukainuka, ukapanda bodaboda ileile, mche wako ungali kifuani. Kila ninapoitikia salamu ya mtoto wa mtu, natamani ulimi wangu ungekuwa umekatika siku ile.

Watu hudhani aibu ni kitu cha siku moja. Nilipokwenda msikitini nilichagua safu ya nyuma. Mteja akicheka na mwenzake, nadhani ananicheka mimi. Walikuwepo waliokuja kunipongeza kwamba nyumba yangu imesafishwa, na hao ndio walionichoma zaidi. Issa aliondoka kwenda Mtwara na hatusemezani sana. Mama Issa na mimi tunakula chakula kimoja, lakini hatuzungumzi jambo hili.

Nilirudi kwenye lile rundo, walilokuwa wamelisukuma kando ya barabara. Nilikwenda mchana kweupe, sikutaka kujificha. Nikachambua majivu, nikaokota vijiti vya asumini vyenye ukijani, shina la mgomba-maua ambalo moyo wake haujaungua, na okidi moja iliyobaki imeng'ang'ania kipande cha gome kwa kitambaa changu cha khanga. Nikavishonea viroba vipya. Nikavipanda palepale ubavuni. Majirani walisimama kumwangalia mzee mwenye kanzu anamwagilia maua kwa kopo. Hadija akaja akaniambia, "Baba, na wewe amekuroga." Nikamwambia, "Kama kurogwa ni huku, mniache nirogwe." Akaondoka analia, na mimi sikumfuata.

Mvua ziliponyesha yale majani yenye madoa yakachomoza. Jembe halikuvifikia viazi vyote. Yalikuja mengi kuliko zamani, hata katikati ya njia ya kwenda chooni. Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kuja kwenu. Nilijiambia, nitampelekea kilicho chake, atafurahi, na mimi nitalala usingizi.

Sasa nisikilize. Ulikuwepo siku ile nilipofika Nandagala, lakini huwezi kujua nilichokiona. Barabara ilikuwa tope tupu, tulisukuma pikipiki zaidi ya kuipanda. Kila nyumba niliyopita kijijini kwenu ilikuwa ya kijani, maboga yametambaa mpaka juu ya paa la jiko, mihogo, mbaazi, mchicha. Nikafika kwenu. Uwanja umefagiliwa mweupe kama kiganja. Hakuna jani. Wewe ulikuwa barazani unamenya karanga pamoja na mama yako. Nilidhani nimekosea nyumba.

Ukapiga goti. "Shikamoo baba." Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia tena vilevile.

Mama yako akanikaribisha kwa heshima ambayo sikustahili, akanipa kiti na maji ya kunywa. Nikavishusha viroba vyangu mbele yako, vyenye asumini, okidi na yale mekundu. Ukanyoosha mkono, ukagusa kile kitambaa cha khanga, kisha ukaurudisha mkono haraka kama uliogusa jiko.

"Ahsante baba," ulisema. "Lakini naomba urudi nayo."

"Ni ya kwako, mwanangu."

"Najua. Ila hapa pia wameshasikia. Nikipanda, watasema ndiyo haya ya uchawi. Mtoto wa jirani akiugua, watakuja kwangu na majembe."

Mama yako akasema, bila kuniangalia, "Tangu arudi hajapanda hata mchicha, mkwe. Mboga tunanunua."

Nilikuwa nimekuja kupunguza aibu yangu, nikaonyeshwa ukubwa wake. Nilidhani tulichoma maua, kumbe tuliuchoma mkono wako. Wewe uliyeligeuza jaa kuwa bustani, sasa unaogopa kupanda mchicha kwenye ardhi ya wazazi wako, msimu wa mvua. Nilivipakia viroba vyangu kwenye pikipiki nikaondoka. Kijana wa bodaboda aliniuliza njiani kama hawakunielewa. Nikamwambia wamenielewa vizuri sana.

Ndiyo maana naandika. Maneno yaliyokuharibia jina yalitoka nyumbani kwangu, na hayawezi kurudishwa na mtu mwingine. Basi nasema kwa wote: Somoe si mchawi, hajawahi kuwa mchawi. Yale majani ni maua ya kivuli, yana viazi, hulala kiangazi na kuamka masika, kama ndago na kama nyasi za shambani. Hayafungi kizazi cha mtu. Waliosema hivyo ni mke wangu, binti yangu na mwanangu, na aliyekuwa na uwezo wa kuwanyamazisha ni mimi. Nilikuwa nimekaa barazani.

Jana nilimsomea Mama Issa haya niliyoyaandika. Akasikiliza mpaka hapa. Akasema, "Ukiyatoa nje umetuvua nguo sote." Nikamwambia, "Somoe alivuliwa peke yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyemrushia khanga." Akaingia jikoni. Sijui alikuwa analia au anapuliza moto. Hajanizuia.

Sikuombi urudi kwa Issa. Hata akija kuomba, usimsikilize kwa ajili yangu. Wala sikuombi usahau. Bustani naitunza, na anayeniuliza ni ya nani namwambia jina lako lote, na la baba yako pia. Wanawake wawili wa mtaani wameshakuja kuomba vijiti vya asumini. Nimewapa, nikawaambia iliyovipanda kwanza ni mikono yako. Mmoja aliviacha kwenye ngazi akaenda zake. Mwingine alivichukua.

Nina ombi moja tu. Panda kitu, Somoe. Bamia, mchicha, chochote unachokitaka wewe. Nimemwomba mwenyekiti wa kijiji chenu nafasi ya kusimama mbele ya watu, na amenikubalia. Ijumaa hii baada ya swala nitakuwa hapa Nachingwea, nitasimama pale barabarani penye lile doa na kuisoma barua hii kwa sauti. Jumamosi nitakuwa Nandagala, nitaisoma tena, mbele ya majirani wenu, mbele ya baba yako. Sitakuja nyumbani kwenu na huna haja ya kutoka. Sauti yangu si ya mkutano, mimi ni mtu wa kukaa na sindano. Ikitetemeka, itetemeke. Watakaocheka wacheke. Utanisikia kutoka uwanjani kwenu.

Nisalimie mama yako. Mwambie yale maji aliyonipa siku ile niliyanywa kwa shida.

Mimi,
uliyekuwa ukiniita baba.