Jiwe la Bibi kwenye Uwanja wa Mfalme

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Kwako mwanangu, kitinda mimba wangu,

Salamu zikukute mzima, umesimama hapo langoni kwa Mfalme na soksi kavu. Sisi hatujambo, ni kujikaza tu. Baba yako anakusalimu, kidole alichojikata na patasi kimepona, ameshaanza kuranda mbao. Dada yako anakusalimu, anasema cherehani yake sasa inakohoa kuliko Bibi. Bibi mwenyewe anakusalimu, anauliza huko askari mnapewa chakula au mnapewa kofia tu. Mama Pacha wa jirani anakusalimu pamoja na pacha wake wote wawili, hata yule mliyekuwa mkipigana.

Nakuandikia kukujulisha kuwa wametuchukulia jiwe la kusagia. Watu wa Mfalme walipita nyumba kwa nyumba na mikokoteni, wakabeba mawe yote. Sasa ni marufuku kusaga nyumbani. Kila mtu apeleke nafaka kwenye mashine ya Mfalme, na ukishasagiwa, unabakiza fungu la Mfalme na fungu la msimamizi, na unga unaomwagika chini nao ni wa Mfalme. Na unajua mwaka huu mvua imeozesha nafaka shambani. Tunakwenda na gunia tunarudi na kapu. Mama Pacha alimwambia msimamizi, "Basi nikung'ute na vumbi la miguuni kwangu, nalo lisije likawa la Mfalme!" Alifungiwa nje siku nzima, mchana kutwa juani.

Bibi yako aliingia nyumba hii siku ya ndoa yake na jiwe lile. Anasema unga wa mashine unanuka chuma. Anakula vijiko viwili, anageukia ukutani. Jiwe lenyewe unalijua, ndilo ulilolimega pembeni ulipokuwa unanyooshea misumari ya baba yako. Bibi alikuchapa, halafu akalia yeye.

Mwanangu, uko karibu na wakubwa. Ukisikia mawe yamepelekwa wapi, niambie. Lakini usiulize kwa sauti.

Ni mimi mama yako.

Tarehe 20, mwezi wa tatu

Kwako Mama,

Shikamoo. Baba na Bibi nao shikamoo zao wapelekee. Mimi ni mzima. Mwambie Bibi chakula kipo, ila kofia ndiyo kubwa kuliko kichwa, nikigeuka yenyewe inabaki inatazama mbele.

Mama, jiwe nimeliona! Uwanja wa kasri ulikuwa tope tupu, na gari la Malkia likakwama mbele ya wageni. Mfalme akaagiza uwanja wote utandikwe mawe. Ndiyo hayo yenu. Yamepangwa toka langoni mpaka kwenye ngazi. La kwetu liko kando ya kibanda cha zamu, pale nilipolimega panaonekana wazi. Zamu yangu ikifika nasimama juu yake, najiona kama niko jikoni kwetu.

Mwambie Bibi halijapotea. Mjukuu wake analilinda.

Mwanao.

Tarehe 6, mwezi wa nne

Kwako mwanangu,

Hujambo baba? Sisi tuko hivyo hivyo. Barua yako ilinifurahisha mpaka nikashindwa kukaa nayo. Nikamwambia dada yako aisome kwa sauti pale kwenye foleni ya mashine, wanawake wote wasikie. Kwenye kofia walicheka wakashika mbavu. Alipofika kwenye mawe, kicheko kikakatika.

Mama Pacha akasema, "Soma tena hapo."

Dada yako akasoma tena.

"Tope la Malkia," akasema Mama Pacha. "Mimi nilijua wameyavunja. Wangeyavunja ningenyamaza."

Tangu hapo hakuna anayezungumza kitu kingine. Kila mmoja ananijia: mwambie mwanao langu ni jeusi, langu lina shimo katikati, langu aliniachia marehemu shangazi. Wanataka waje wayachukue wenyewe. Mwanangu, mimi nilidhani nimeleta habari njema.

Bibi nilipomwambia aligeukia ukutani. Vile vijiko viwili navyo hataki tena.

Mafundi wameandika maombi kwa Mfalme, kwa adabu kabisa, apunguze fungu lake. Baba yako ndiye atakayeyaleta na wenzake. Wamemchagua kwa sababu ana koti. Ukimwona mpokee vizuri.

Mama yako.

Tarehe 15, mwezi wa nne

Mama,

Shikamoo. Baba amekwambia? Najua hajakwambia.

Walisimama langoni tangu asubuhi, kofia mkononi. Ndani wakasema Mfalme anapumzika. Baadaye mkubwa wetu akachukua ile karatasi, akaifutia kiatu, akaniamuru mimi niwafukuze. Nikamwambia Baba, "Ondoka hapa, mzee." Akaniangalia. Akasema, "Sawa, afande." Akavaa kofia, akaondoka.

Mama, wanawake wasije. Tumepewa amri: atakayekanyaga uwanja bila ruhusa apigwe risasi. Mkubwa anatutembelea mmoja mmoja anatuuliza, "Utapiga?" Nimejibu nitapiga. Wote tumejibu hivyo. Nifanye nini mimi? Niambie. Na wewe ukae nyumbani.

Mwanao.

Tarehe 22, mwezi wa nne

Mwanangu,

Bibi yako ametutoka juzi asubuhi. Baba yako amemtengenezea jeneza kwa mbao za kitanda chetu. Kwenye mazishi hakuna aliyetoa hotuba. Mama Pacha aliuliza tu, "Lini?" Wakasema Jumamosi.

Unaniuliza ufanye nini. Mimi niliishia darasa la pili, mambo ya amri siyajui. Sikwambii utupe bunduki, wala sikwambii ugombane na mkubwa wako. Ila nakuja. Nitafunga kile kitambaa cha njano kichwani unione mapema. Nitakuja moja kwa moja hadi pale kwenye kibanda chako. Wewe usogee tu kidogo, baba, nilinyanyue.

Mama yako.

Tarehe 30, mwezi wa tano

Kwako mwanangu,

Salamu zikukute popote ulipo. Naiandika anwani ile ile kwa kuwa sina nyingine. Baba yako anakusalimu, haongei sana. Dada yako anakusalimu, anashona bendera mpya mchana kutwa, hata rangi zake hajazizoea. Mama Pacha anakusalimu na pacha wake, mmoja bado anachechemea ila risasi imetoka. Ndio sisi tuliopo nyumbani.

Ulisogea, mwanangu. Hatua moja. Nikapiga magoti na patasi ya baba yako, jiwe linakataa, na mkubwa wako anapiga kelele, "Rudi mahali pako!" Ukamjibu, "Mwenye mahali amekuja, afande." Nilisikia kwa masikio yangu. Wakakuburuta ndani. Wenzio walipiga, halafu wakaona mama zao, wakaacha. Watu wakaingia. Mfalme alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma.

Watu wanasherehekea, wana maneno makubwa siku hizi, siyaelewi yote. Wengine wanasema waliofungwa kasrini wameachiwa wote. Wengine wanasema Mfalme aliondoka nao. Nimezunguka vyumba vyote vya kule na kitambaa changu cha njano, nafungua milango.

Jiwe liko jikoni. Nimelisagia mara moja, unga wako nimeufunika.

Nijibu upesi, mwanangu. Kama huna karatasi, tuma mtu yeyote, aje hata kwa miguu. Asinieleze mengi. Aniambie tu jiwe letu limemegeka wapi na kwa nini, nitajua ametoka kwako.

Mama yako.