Sahani Si Jembe: Kwa Mbuya Eriza, Chihera Wetu

Mwaka umetimia tangu tukulaze, Mbuya, bibi yetu, na kaburi lako bado halijaota majani ya maana, lakini jirani yetu Mai Nyengeterai tayari amekutungia maisha mengine. Anayasimulia pale kisimani, ndoo inajaa na kumwagika wala hajali. Anasema mwaka wa ule ukame mkubwa yeye alikuwa mkamwana mgeni hapa Nyamasanga. Alikuwa amesimama kando ya zizi la ng'ombe, kata ya maji mkononi, akaona kwa macho yake: ulipiga magoti mbele ya baraza la sabhuku, mkuu wa kijiji, ukaomba msamaha kwa kuvunja chisi, siku ya kupumzisha ardhi. Sabhuku mzee akakuhurumia. Akawaandalia wanawake chakula kwenye sahani, akawaambia, "Haya, nendeni mkatumikie watu." Na hapo, kwa maneno yake, ndipo ilipozaliwa Klabu ya Sahani.

"Mimi nilikuwepo," anasema. "Nyie hata hamjafikiriwa."

Yangekuwa maneno ya kisimani tu tungeyaacha. Lakini mwezi ujao klabu yako inatimiza miaka thelathini na tatu, na sabhuku wa sasa, mtoto wa yule mzee, anataka kusimamisha jiwe pale kwenye chemchemi. Maneno ya kuchongwa ni hayo hayo ya Mai Nyengeterai, yamevalishwa tai tu: kwamba marehemu baba yake aliwasamehe wanawake waliokosa, akawaanzishia klabu. Jina lako halimo. Kosa lako limo.

Basi, Mbuya, wengine huwakumbuka watu wao kwa maua. Sisi tunakukumbuka kwa kusema ilivyokuwa, na anayetaka kusikia asikie.

Kwetu Alhamisi ni chisi. Jembe haligusi udongo siku hiyo, hata kama mvua imenyesha jana na mbegu iko kiganjani. Hukuwahi kuidharau chisi. Ulitulea nayo. Mjukuu wako Ratidzo alipokuwa mdogo aliwahi kuchimba kishimo cha kuchezea kwa kijiti siku ya Alhamisi, ukamfukia kishimo chake na kumwambia ardhi nayo inachoka, iache ilale.

Mwaka ule wa ukame chemchemi ilikuwa imekanyagwa na ng'ombe mpaka ikazibwa na tope. Mwanakijiji mwenzako MaSibanda alikuwa amejifungua siku tisa kabla ya hapo, mtoto anaharisha, na nyumbani kwake hakuna hata tone la maji. Ilikuwa Jumatano jioni wanaume waliposema watakwenda kuizibua Ijumaa, kwa kuwa kesho ni chisi. Wewe hukubishana nao. Asubuhi ulichukua sahani yako ya bati, ile nyeupe yenye ukingo wa buluu uliyoletewa ulipoolewa, ukashika njia. Wanawake saba wakakufuata, kila mmoja na sahani yake. Mkainama, mkachota tope kwa sahani na mikono mpaka jua likawa utosini na maji yakaanza kutoka, kwanza meusi, halafu ya rangi ya chai, halafu maji.

Jembe hata moja halikutoka nyumbani.

Mmoja wenu aliogopa. Akasema, "Chihera, tutaitwa barazani."

Ukamjibu, "Wakituita tutakwenda. Lakini tutakwenda tumeoga."

Watu husema wanawake wa ukoo wa pofu, yule swala mkubwa, mnaoitwa Chihera, hamwamrishiki. Wewe ulikuwa ukisema mnaamrishika vizuri sana, ila mwenye kuamrisha lazima awe na sababu.

Ijumaa mliitwa. Wenzako saba walibaki langoni, wewe ukaingia peke yako. Hapa ndipo tunaomba kila msomaji asome polepole. Ulifika mbele ya wazee, ukapiga magoti, ukakunja viganja na kupiga makofi. Ndiyo. Mwanamke gani wa Nyamasanga huingia barazani bila kupiga magoti na makofi? Hiyo ni salamu. Anayeomba msamaha naye hupiga magoti hayo hayo na makofi hayo hayo. Kinachotofautisha ni maneno, na mtu aliyesimama zizini na kata ya maji hayasikii maneno. Mai Nyengeterai hakudanganya alichokiona. Alijaza mwenyewe asichokisikia.

Ratidzo alikuuliza hilo mwaka juzi, mkipukuchua mahindi. Ulivuta ugoro wako, ukapiga chafya mbili, ukasema, "Nilimsalimu. Salamu simnyimi mtu, hata kama anamtaka mbuzi wangu."

Maana sabhuku alitaka mbuzi, ndiyo faini ya kuvunja chisi. Ulivyotusimulia, mzee mmoja alisema, "Sahani ikichimba, ni jembe."

Ukasema, "Kama sahani ni jembe, babu, basi wewe unapakuliwa ugali wa sadza kwenye jembe tangu ulipooa."

Wazee walicheka. Walijaribu kukohoa, lakini ilikuwa kicheko. Sabhuku peke yake hakucheka.

"Chihera, toa mbuzi tuyamalize."

"Mbuzi simtoi. Nionyesheni jembe."

"Usinijibu hivyo mbele ya watu."

"Basi nikujibu vipi, baba? Jembe mlilete hapa, liwe na tope, nami nitaleta mbuzi na kamba yake."

Jembe halikuonekana. Sabhuku akasimama, akasema ana ng'ombe anayezaa, akaondoka. Ndama wa ng'ombe yule hakuna aliyemwona mpaka leo.

Vijana wakaanza kuwaita "wanawake wa sahani", mkipita wanagonga vikopo. Alhamisi iliyofuata ulipita tena na sahani yako kichwani, umeigeuza kama kofia, kwenda kumkandikia nyumba mjane aliyeangukiwa na ukuta. Udongo mlikuwa mmeukanda Jumatano. Walipogonga vikopo mkaucheza ule mdundo njia nzima. Ndipo mkalichukua hilo jina lao na kulifanya lenu. Kila aliyejiunga alikwaruza jina lake kwa msumari chini ya sahani yake, na huo ndio ulikuwa uandikishaji wote. Hapakuwa na mwenyekiti. Siku shirika moja lilipokuja na fomu likauliza kiongozi ni nani, ulimwonyesha bwana aliyetumwa na shirika hilo sufuria, ukasema, "Huyo hapo, ndiye anayetukusanya."

Siku ambayo kijiji kizima kilikuwa kimepumzika, ninyi ndiyo mlikuwa na nafasi, na hiyo ndiyo klabu. Mliwabeba wagonjwa kwa mkokoteni hadi kliniki. Mlijenga kibanda cha wajawazito wanaotoka mbali. Miaka ile watu walipokuwa wakiisha kwa ugonjwa nyumba kwa nyumba na majirani wakiogopa hata kugusa mlango, mliingia, mkaosha, mkalisha, mkafua. Yule mtoto wa MaSibanda aliyekuwa akiharisha leo ni fundi wa matofali mwenye sauti kubwa kuliko ng'ombe wake.

Na kuna jambo ambalo jiwe halitalitaja. Sabhuku mzee alipigwa na kiharusi, upande mmoja ukafa, na mkewe alikuwa ameshatangulia. Nani alikuwa akimwogesha kila Alhamisi? Ninyi. Ratidzo alikuwa na miaka tisa, anashika sabuni, na anakumbuka ulivyokuwa ukimsugua mgongo mzee yule ukimwambia, "Yule mbuzi uliyemtaka, baba, bado ukoo wake unazaa. Mwaka huu mapacha." Mzee hakuweza kusema tena, lakini nusu ya mdomo wake ilicheka. Hukumwogesha ili akushukuru. Ulisema ngozi ikichafuka haina cheo.

Tunakukumbuka na kwa mengine madogo. Ulikula mwisho, umesimama. Hukuweza kumwona mtu amekaa wenzake wakifanya kazi, ulimpelekea njugu mawe amenye, "angalau vidole viamke." Ulikuwa mkali, na wakati mwingine ukali wako uliwapata wasiostahili, kisha ungekuja na yai la kuchemsha bila neno, na hiyo ndiyo ilikuwa samahani yako. Ratidzo alipomaliza darasa la saba, sekondari ilikuwa ng'ambo ya mto na miguu yako imeanza kugoma. Alibaki. Hukumwambia asante hata siku moja. Ulimfundisha yote unayoyajua, na siku ulipoona mwenyewe kwamba huwezi tena kuinama, ukampa msumari akakwaruze jina lake.

Wiki iliyopita alikwenda kwa sabhuku wa sasa. Alikwenda peke yake. Alimkuta anabangua karanga. Alipiga magoti, akapiga makofi, akamwita sekuru, yaani babu, akasema, "Sekuru, nimekuja kusalimu, sijaja kuomba msamaha. Nimeanza na hilo ili lisichanganywe."

Sabhuku akatabasamu kidogo. "Wewe kweli ni mjukuu wa Chihera."

"Sekuru, wazee wote waliokuwa barazani siku ile wamekufa. Wewe tu umebaki. Ulikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, umekaa miguuni pa baba yako. Ulisikia. Aliomba msamaha?"

Sabhuku akabangua karanga moja, ya pili. Akasema, "Mwanangu, lile jiwe ni la kumheshimu baba yangu."

"Mheshimu, sekuru. Hata sisi tulimheshimu, mgongo wake tunaujua. Ninauliza tu bibi yangu alisema nini."

Akaita aletewe maji. Maji yakaja, akanywa. Ratidzo akangoja mpaka kivuli cha ghala kikamfikia magotini. Akapiga makofi ya kuaga, akainuka.

Mbuya, hukuacha shamba la maana wala ng'ombe wengi. Uliacha siku moja uliyosimama na kukataa, na mamia ya Alhamisi zilizotoka kwenye siku hiyo. Wakikuondoa kwenye siku ile, wamekuzika mara ya pili, na mara hii bila sisi kuwepo. Hatutakubali. Jiwe likisimama na uongo, tutakuwa hapo kila chisi, tukimsomea kila mpitaji maneno yake, kisha tukimweleza yaliyo ya kweli.

Wanaokukumbuka ni wanao Zvidzai na Ketai na wake zao; binti yako Mavhunga aliye Bulawayo; dada yako Mbuya Rosaria; MaSibanda na mwanawe; wajukuu wako Ratidzo, Tafirenyika, Shorai na wadogo zao; na wanawake arobaini na mmoja wa Klabu ya Sahani. Maadamu mmoja wetu anapumua, hutasahaulika, na jina lako litatajwa kwa sauti.

Nawe, Sabhuku Chivaura, tunajua notisi hii utasomewa. Ulikuwepo, ulikuwa karibu, na masikio yako yalikuwa mazima. Tunakuomba, mbele ya kijiji kizima, kabla fundi hajashika patasi: tuambie alichosema.