Amejua Kwamba Ninaelewa

Mwenzangu, uko hewani? Nimejifungia chooni hapa kazini, kwa dobi.

Bosi ameunguza suti ya bwana harusi kwa pasi. Yeye mwenyewe, nikimwona kwa macho yangu!

Mdogo wake akamuuliza, sasa mteja tutamwambia nini? Bosi akajibu kwa Kiingereza, wanadhani sikijui, na mimi niko palepale nakunja mashuka. Akautumia ule msemo wa kumtupa mtu chini ya basi. Ule ulionifundisha juzi! Kumbebesha mwenzako kosa lako ili wewe upone. Na wa kutupwa ni mimi, akanielekezea kidevu kabisa.

Nikaendelea kukunja, uso mkavu.

Sijui alihisi nini. Bila kuinua kichwa akasema taratibu, kwa Kiingereza hichohicho, nipe maji.

Nikampa.

Jamani, nikampa! Mkono ulikwenda wenyewe. Wakatazamana.

"Kumbe binti yetu msomi," mdogo wake akasema, wala hakucheka. Nikakimbilia huku.

Sasa bosi anagonga mlango. Siku zote ananiita "we", leo nimekuwa dada. "Dada, toka tuelewane."

Namsikia mteja anasalimia huko mbele. Natoka nimwambie mimi kwanza. Usizime simu.