Paa Alilojifunza Babu Tukuyu

Mama yangu, shikamoo. Mvua ya huku haijui kupumzika, nami nimenenepa kwa ndizi na maziwa ya mgando.

Jana niliuona msikiti alioujenga babu. Kuta ni za matofali ya kuchoma, nene kama za nyumba zetu za Pangani, na mihrabu ina tao la nakshi za chokaa. Paa tu ndilo geni kwangu, lina mteremko mkali na bati limeoza. Siku hizi biashara imefunguliwa, saruji imejaa madukani, basi wazee wa msikiti walishaamua kulibomoa wamwage zege bapa kama majumba ya Dar.

Jirani yao, Bibi Tupokigwe, Mkristo mwenye migomba yake, alikuwa akipita na mkungu kichwani. Walipomwambia mimi ni mjukuu wa fundi, akautua.

"Zege bapa? Hata babu yake huyu alianza hivyo, kama kwao pwani. Masika ya kwanza tu, dari chini! Baba yangu ndiye aliyemfundisha kuinua paa. Mvua ya Rungwe haibembelezwi."

Wazee walitazamana, kisha wakaangua kicheko. Imamu akasema, "Basi tununue bati jipya."

Mama, nilicheka mpaka nikalia. Kwetu babu alikuwa fundi asiyekosea. Huku wanamkumbuka kama rafiki aliyekubali kufundishwa. Leo nimeshinda juu ya paa nikipigilia misumari pamoja nao.

Mungu akutunze, Mama.

Mwanao, Athumani