Gauni la Vifungo Hadi Kooni

3 Machi
Mwanangu mpenzi,
Hujambo? Kifua bado kinauma? Dawa unameza? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Usikasirike niliondoka wodini bila kuaga. Nilisimama mlangoni nikakuita, macho yako yakacheka, lakini ile namba ya mapigo ya moyo kwenye kioo cha mashine haikutikisika. Moyo wako wa zamani ulikuwa mbovu, lakini ulinijua. Huu uliopandikizwa, wa marehemu, haunijui.
Tena nasikia mama wa marehemu huja kila Jumapili, anakusuka, kisha analaza sikio kifuani mwako. Anakusuka! Kichwa nilichokizaa mimi!
Mama

12 Machi
Shikamoo Mama,
Sijambo, naanza kutembea. Daktari anasema moyo ulipohamishwa, mishipa ya fahamu ilikatwa. Unapiga vizuri, lakini furaha na hofu zinachelewa kuufikia. Jana muuguzi aliangusha sinia, wodi nzima tukaruka, moyo wenyewe haukujisumbua. Si wewe tu, Mama.
Na yule mama alikuwa na mtoto mmoja, kamzika. Nimnyime kuusikiliza moyo wake?
Mwanao

2 Mei
Mwanangu,
Unaendeleaje? Nafurahi umeruhusiwa kutoka hospitali, kurudi chumbani kwako. Wasalimie wote, na yeye pia kama ni lazima. Nimekushonea gauni. Livae Jumapili.
Mama

19 Desemba, mwaka uliofuata
Shikamoo Mama,
U hali gani? Mbona kimya hivyo? Gauni nalivaa. Vifungo hadi kooni! Hilo si gauni, ni kufuli. Yule mama alipoliona alicheka mpaka akalia, akasema, "Ningekuwa mimi, ningeshona hivihivi."
Sasa sikia. Nimepimwa, mishipa ya fahamu imeanza kuota moyoni. Nikauliza, ya marehemu? Daktari akasema hapana, inatoka mwilini mwangu, inauingia polepole. Mwilini mwangu, Mama. Mwili huu aliutengeneza nani?
Mwanao

27 Desemba
Mwanangu wee,
Sijambo, ila barua yako imenivunjia sindano ya cherehani. Kumbe kitambaa chake, nyuzi zangu! Wivu haujaisha, nisikudanganye. Mfungulie vifungo viwili amsikilize mwanawe. Vitatu, hapana. Na kusuka, sasa basi.
Naja Jumamosi. Usitoke kunipokea. Kaa kitandani, weka kiganja kifuani, nitakuita nikiwa mlangoni. Moyo usiporuka, niambie kweli. Nitatoka, niingie tena, nikuite upya.
Mama