Nilimsomea Shangazi Kitabu cha Dar, Kikafika Banda la Miraa

Mpendwa mshauri,

Hili ninalokuandikia sijamwambia mtu yeyote, hata mama, kwa sababu mimi si msemaji na nikisimama mbele ya watu sauti hunipotea, lakini kwenye karatasi naweza, kwa hivyo naomba unisaidie. Niko kidato cha tatu hapa karibu na Laare, na majina ya watu wa nyumbani nimeyabadilisha.

Shangazi yangu Gladwell alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule, na miaka miwili iliyopita macho yake yalikufa yote mawili. Nilimuuliza anakosa nini zaidi akasema vitabu, basi nikaazima maktabani kwetu riwaya ya Kiswahili iliyochapishwa Dar es Salaam, nikawa nakaa nyuma ya tangi la maji kila jioni nikiisoma na kujirekodi kwa simu, ili asikilize mchana nikiwa shule. Nilisoma kila kitu, hata ule ukurasa wa mbele unaosema haki zote zimehifadhiwa na hairuhusiwi kunakili kwa namna yoyote. Niliusoma bila wasiwasi maana nilidhani sheria za kitabu cha Tanzania zinaishia mpakani Namanga.

Kumbe ndugu yangu Mutwiri, anayefunga miraa, yaani mirungi, kwa majani ya ndizi bandani, alinakili sauti hizo kwenye memori kadi yake akawawekea wenzake wasikilize wakifunga. Nilijua siku niliyopita hapo nikaitwa na mama mmoja, Ednah, akiwa na majani ya ndizi mkononi: "Mwalimu mdogo! Huyo Mwanaidi wa kitabuni alirudi kwa bwanake ama alikataa? Na umwambie mbuzi wenu anyamaze, sura ya tano yote tunasikia yeye tu!" Wakacheka wote, na mimi, nisikufiche, nilifurahi, nikaendelea kumpa Mutwiri sura mpya mwenyewe.

Halafu akaja shuleni wakili kutoka Meru mjini, siku ya taaluma, akasema nchi zimewekeana mikataba, na mwandishi wa Tanzania analindwa hapa sawa na wa Tigania, hapa jirani. Nilikuwa nyuma kabisa, nilitaka kuuliza, mkono ukakataa kupanda. Nilipofika nyumbani nikafuta sura zote kumi na moja kwenye simu yangu na ya shangazi, nikamdanganya kwamba simu yangu imeharibika. Akasema, "Kama umechoka na mimi, niambie. Sioni, lakini hiyo simu iliyoharibika naisikia ikilia mfukoni mwako." Tangu hapo hajaniomba kitu. Bandani memori kadi bado inazunguka, na sauti yangu mwenyewe ndiyo inayotangaza kwamba hairuhusiwi. Je, nitashtakiwa? Na shangazi asisomewe tena?

Mwenye hofu, Laare

*

Mwanangu, pumua kwanza. Kabla ya kukujibu nilimuuliza mtu wa sheria, maana sikutaka kukubahatishia.

Kumsomea shangazi yako si kosa. Upo Mkataba wa Marrakesh, na Kenya imo. Nchi zilikubaliana kwamba asiyeona asinyimwe kitabu, kwa hivyo anaweza kutengenezewa nakala ya sauti au ya nukta nundu bila kwanza kumtafuta mwandishi. Anayemtunza anaweza kumtengenezea, mradi kitabu kimepatikana kwa halali na nakala ni ya matumizi yake huyo asiyeona. Wewe ulikiazima maktabani. Ulifanya lile ambalo mataifa yalikaa mezani ili liwezekane, kisha ukalifuta kwa woga!

Sasa nikugombeze. Wakili wenu alisema kweli: Kenya na Tanzania zote zimo katika Mkataba wa Berne, na haki ya mwandishi haisimamishwi mpakani kama lori. Wale wa bandani wana macho mazima. Mutwiri alikosea kuwapa sauti hizo, na wewe ulikosea zaidi ulipompa sura mpya kwa sababu ulipenda kuitwa mwalimu. Lakini baya kuliko yote ni kumwacha shangazi yako akidhani amekuchosha, eti kwa kuogopa kuinua mkono.

Leo hii mwambie shangazi ukweli, kisha anza kurekodi upya, na sauti hizo zibaki kwenye simu yake. Kesho nenda bandani mwenyewe, usimtume mtu, useme zifutwe. Wakitaka hadithi, kitabu kinauzwa. Wakitaka sauti, mwandikie mchapishaji umwombe ruhusa, kuandika unajua.

Mshauri wako, Eunice

*

Mpendwa mshauri,

Nilimwambia shangazi siku hiyohiyo. Alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Nilidhani nimekuwa mzigo, kumbe ni Namanga!"

Bandani nilisimama mbele yao nikasema zifutwe. Ednah akaniuliza, "Kwa hivyo sisi tunaadhibiwa kwa sababu tunaona?" Nikasema ndiyo. Walicheka sana, kisha Mutwiri akafuta sauti zote mbele yangu. Wiki iliyofuata walimwagiza dereva anayepeleka miraa Meru, akawaletea kitabu. Kimefungwa jani la ndizi kisilowe, na Ednah huwasomea wenzake wakinywa chai. Barua kwa mchapishaji nimeituma, jibu bado.

Jumamosi nilikaa na shangazi nyuma ya tangi nikawasha simu, nikaanza tena na ule ukurasa wa haki zote zimehifadhiwa.

"Ruka huo," akasema, "nimeshaukariri."

Sikuruka. Niliusoma wote, tukaingia sura ya kwanza.